Barakoa Iliyoishinda Kahawa

Kijiwe chao ni ubao mrefu uliong'olewa kwenye bodi la lori bovu, ukalazwa juu ya matofali na kuegemezwa ukutani, katikati ya duka la kinyozi na studio ya picha. Mtu hakai pale ili apumzike. Anakaa ili awe sahihi. Kinyozi mwenyewe anaitwa Hakimu, cheo alichojipa kwa kukata kila shauri linalopita mtaani, hata lile lisilomhusu ndewe wala sikio. Kushoto kwake hukaa Redio, fundi viatu, mtu ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Rangi anapaka rangi magari, na ukitaka kujua jana alikuwa na gari la rangi gani, tazama kucha zake. Kahawa ni ya Bi Birika, na kwa kuwa bila yeye kijiwe ni ubao mtupu, hakuna anayethubutu kumkatiza zaidi ya mara moja. Wa mwisho ni Lenzi, mwenye studio, mpole kupita kiasi kwa mtu anayekaa na hao wengine. Mchana huo ndiye aliyeleta mada, tena aliileta vibaya, maana aliuliza kwa sauti ya mtu ambaye kweli anataka jibu.

— Ukitaka kuingia kwenye jengo bovu, lililofungwa miaka na miaka, alisema, — puani unavaa nini?

Bi Birika aliyekuwa anamimina alisimamisha mkono. Swali kama lile, kwa kijiwe kile, ni karamu.

— Jengo lipi? aliuliza Hakimu. — Hukumu haitolewi bila maelezo.

— Kile kiwanda cha mabati. Yale mabati ya kijivu, ya saruji.

— Kesho kinabomolewa, alisema Redio papo hapo. — Magreda yameshafika. Nimeyaona yamejipanga nje ya ukuta.

— Najua. Ndiyo maana nataka kuingia leo. Mlinzi amekubali nipite mara moja, nikiwahi kabla hajabadilishana zamu.

Hapo ikabidi aeleze. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda kile mpaka asubuhi wafanyakazi walipokuta kufuli getini na mwenye kiwanda ameshatokomea. Kila kitu kilibaki ndani: viatu, vikombe, nguo za kubadilisha, na kwenye kabati la baba, mlangoni kwa upande wa ndani, picha aliyoibandika kwa gundi ya kazini. Amesimama na wenzake wa zamu, anacheka. Habari za picha hiyo shangazi yake Lenzi alizisikia kutoka kwa marehemu mwenyewe, na picha nyingine haipo. Lenzi amewapiga picha baba za watu nusu ya mtaa, akawanyoosha kola na kuwabembeleza watabasamu, lakini wa kwake alikufa kabla yeye hajamiliki kamera, na sasa sura yake ilikuwa imeanza kumtoka. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kijiwe kijue.

Kikwazo kilikuwa vumbi. Mabati yale yalichanganywa saruji na nyuzi za asbesto, nyembamba kuliko unywele, na ni hizo hizo ambazo daktari alisema zimejaa kifuani mwa baba yake, wakati kikohozi kimeshammaliza. Lenzi aliitaka ile picha, na aliogopa, na hakuona aibu kwa lolote kati ya hayo mawili.

— Kwa hiyo, alimalizia, — nataka kuingia na kutoka bila kulivuta.

— Hilo ni dogo, alisema Hakimu.

— Dogo sana, alisema Redio.

— Tena umekuja mahali penyewe, alisema Rangi.

Ukweli ni kwamba kati yao hakuna aliyewahi kuvamia jengo lililofungwa, isipokuwa Hakimu, siku aliyopoteza ufunguo wa duka lake mwenyewe. Lakini kutojua hakujawahi kumzuia mtu kusema pale. Hakimu aliingia dukani, akatoka na kitambaa cha kunyolea, akakitandaza magotini kama mtu anayeonyesha hati ya shamba.

— Hiki hapa. Pamba tupu. Unakilowesha, unakikamua, unakikunja, unakifunga kisogoni. Vumbi likigusa maji linageuka tope, na tope haliruki. Kuna mtu hapa amewahi kuona tope linaruka?

Hakuna aliyewahi.

— Na nikivuta pumzi, hilo tope linakwenda wapi? aliuliza Lenzi.

— Linabaki pale pale, linakusubiri utoke.

— Kitambaa kilichopita kwenye vichwa vya mtaa mzima, alisema Bi Birika, — ndicho mtoto wa watu akiweke mdomoni? Atasalimika na vumbi, halafu aote mba kwenye ulimi.

— Bi Birika, vitambaa vyangu navifua.

— Unavifua, lakini hujawahi kuviambia visahau.

Akatia mkono mfukoni mwa aproni yake, akatoa barakoa za bluu, zile nyepesi za hospitali, zimekunjwa vizuri.

— Hizi ndizo zenyewe. Wanazivaa madaktari, na daktari hawezi kuvaa kitu kibovu, amesoma.

— Hizo pembeni ziko wazi, alisema Rangi. — Kidole kinaingia.

— Ndiyo maana unavaa mbili. Pengo la hii linazibwa na ile.

— Mapengo yote yako upande mmoja, Bi Birika.

— Basi ya pili unaigeuza.

Rangi akanyamaza, maana nafasi yake ya kumkatiza ilikuwa imeshakwisha. Redio akaona mlango umefunguka. Alivuta sanduku lake la kazi, akachakura chini ya soli na misumari, akatoa barakoa nyeupe ngumu yenye umbo la bakuli, bado imo kwenye nailoni yake. Ina mipira miwili ya kuvutia kisogoni na kibati chembamba cha kubana juu ya pua.

— Mimi nasaga soli kwa mashine, alisema. — Mpira ukisagika, vumbi lake linaingia mpaka kwenye mawazo. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi, nikasema nipe ya vumbi, nikapewa hii. Nikivaa, jioni nikipenga kamasi zinatoka nyeupe. Nisipovaa, zinatoka nyeusi kama wino.

— Tunakunywa kahawa hapa, alisema Bi Birika.

— Natoa ushahidi.

— Huo ushahidi mahakama imeupokea na imejuta, alisema Hakimu. — Rangi, wewe una nini?

Rangi hakujibu. Alivuka barabara taratibu kuelekea karakana yake, kwa mwendo wa mtu ambaye anajua kabisa kwamba wanamtazama, akarudi amebeba maski ya mpira mweusi inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio viwili vya duara, kimoja kila shavu. Aliivaa kwanza yeye, akageuza kichwa kushoto na kulia, kijiwe kizima kikamheshimu. Mtu aliyevaa kitu kama kile huwezi kumwambia ngoja kwanza.

— Hii, alisema akiivua, — napuliza nayo rangi siku nzima ndani ya chumba kilichofungwa. Thina ile, ambayo nyinyi mkipita tu nje macho yanawatoka machozi, mimi siisikii. Hewa inapita kwenye haya makopo, ndani yana mkaa maalumu, inatoka safi kama ya mlimani.

Lenzi aliichukua. Ilikuwa nzito, na uzito wake ulimfariji. Alikagua vile vichujio kwa macho yake ya kazi, yaliyozoea kutafuta kasoro kwenye sura za watu.

— Hapa mbele pana alama. Kama kuna kitu kilikuwa kimebanwa.

— Palikuwa na vitambaa vyeupe vya duara, vinakaa juu ya kichujio halafu vinabanwa na mfuniko. Nilivitoa. Vinabana pumzi bure. Mtu mzima huwezi kuvuta hewa kwa kuomba ruhusa.

— Kweli, alisema Hakimu.

Na kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa na silaha yake mezani, ubishi ukapamba moto. Bi Birika akaongeza kahawa bila kuulizwa, ishara kwamba naye hataki jambo liishe mapema.

— Kuvaa ni nusu ya kazi, alisema Redio. — Nusu nyingine ni kuingia. Vumbi la jengo lililofungwa limelala. Limelala miaka yote hiyo. Anayeliamsha ni nani? Kisigino. Mimi natengeneza visigino, navijua tabia zake. Vua viatu, ingia na soksi.

— Akanyage kioo? aliuliza Lenzi kwa niaba ya miguu yake mwenyewe.

— Soksi mbili.

— Aingie kinyumenyume, alisema Rangi. — Kila hatua, uso wake unabaki kule alikotoka, ambako hewa bado haijachafuka. Vumbi lenyewe litakutana na kisogo.

— Na kabati atalionaje?

— Si ana kamera? Atafute kwa kamera, ameinyanyua juu ya bega.

Hakimu alikuwa amemkazia macho Lenzi, hasa puani, na uso wake ukaingia huzuni ya kweli.

— Kosa ni langu, alisema. — Juzi ulipokuja kunyoa nilikupunguza nywele za pua. Zile ndizo kichujio alichoumbiwa binadamu. Ungeniambia unakwenda kiwandani ningeziacha ziote mpaka zikutane.

— Zikutane wapi?

— Mlangoni. Zifungane.

— Nywele zimeshakwenda, alisema Bi Birika. — Tuongee kilichopo. Kunywa kahawa nyingi kabla hujaingia. Koo linalowa, linakuwa na utando, vumbi likipita linanasa kwenye kahawa, unalimeza. Likishafika tumboni halina ubaya. Watoto wanakula udongo na wanakua.

— Hiyo umeisema kwa sababu unauza kahawa.

— Nimeisema kwa sababu ni kweli. Kuuza ni bahati yangu.

— Mwavuli, alisema Redio. — Vumbi linatoka wapi? Darini. Linashuka. Ukiwa na mwavuli linakwepa pembeni.

— Nyinyi wote mnashughulika na vumbi, alisema Hakimu, na akainuka kabisa, maana fikra hiyo haikuweza kusemwa mtu akiwa amekaa. — Mimi nashughulika na pumzi. Mtu anayeimba, hewa inaingia au inatoka?

— Inatoka, walikubali.

— Basi. Aingie anaimba. Vumbi likisogea linakutana na upepo unaotoka. Halina pa kupita.

— Na wimbo ukiisha?

— Achague mrefu.

Lenzi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kidoleni. Alikuwa amefika pale baada ya kujigeuza kitandani usiku kucha, na sasa hofu yake ilikuwa inalegea. Siyo kwamba aliamini soksi au mwavuli. Ni kwamba ukikaa na watu wasiokuwa na shaka hata kidogo, na wewe shaka zako zinaanza kuona haya. Alianza kujiona ameshaingia, ameshafungua kabati, ameshatoka na picha ndani ya bahasha ngumu. Alishajua hata ataikuza kwa kipimo gani na ataitundika ukuta upi.

— Kelele zimetosha, alisema Hakimu. — Tupime. Kijiwe hiki hakina mashine, lakini kina kahawa. Bi Birika, mimina kikombe kimoja cha kahawa na kingine cha maji ya moto. Lenzi atafungwa macho, atavaa barakoa moja baada ya nyingine, na sisi tutampitishia vikombe chini ya pua. Barakoa itakayomfanya asijue kahawa ni ipi, ndiyo hiyo.

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na la kupinga. Kilikuwa kipimo kizuri mno, rahisi, cha haki, na kila mtu alijiuliza kwa nini hakukifikiria yeye.

Hakimu akamfunga Lenzi macho kwa kitambaa kikavu, kisha akamfunga pua kwa kile kilicholoweshwa. Kikombe cha kwanza kikapita.

— Kahawa, alisema Lenzi. — Na mafuta ya nywele.

— Mafuta hayakuulizwa, alisema Hakimu, akakifungua kitambaa haraka kabla mashahidi hawajaandamana.

Zikafuata za bluu, mbili, ya pili imegeuzwa.

— Kahawa. Imeungua kidogo.

Lenzi, pamoja na kufungwa macho, alijua Bi Birika anamtazama.

— Barakoa zangu nazitoa mashindanoni, alisema Bi Birika. — Zinampa mtu maneno.

Ile ya Redio ilikaa sawasawa usoni. Lenzi alibana kibati puani, akavuta pumzi, bakuli likanywea kidogo na kuvimba tena kila alipohema. Ndani kulikuwa na joto. Kikombe kilipopita, alisita.

— Hii ni... kahawa. Kwa mbali, lakini ni kahawa.

— Imeanguka, alisema Rangi.

— Ngojeni, alisema Redio. — Mimi niliuziwa ya vumbi. Sikuuziwa ya kahawa.

— Redio, alisema Hakimu kwa upole wa mtu mzima anayemwelekeza mwenzake, — harufu ya kahawa ni kitu kikubwa, mtu anaisikia kutoka ng'ambo ya barabara. Kama kitu kikubwa namna hiyo kimepenya, hilo vumbi lisiloonekana hata kwa macho litashindwaje?

Redio aliichukua barakoa yake, akaigeuza mkononi. Alihisi kuna mahali hoja ile inachechemea, lakini hakuweza kupanyooshea kidole. Isitoshe, barakoa ile hakuichagua yeye. Muuza duka aliinyoosha tu juu ya kaunta, naye akalipa.

— Sawa, alisema. — Kama mahakama imesema.

Ikaja zamu ya Rangi. Mpira ulikwama kwenye ndevu za Lenzi, hewa ikawa inaingia pembeni kwa mluzi mwembamba. Redio akashauri zipakwe mafuta mazito ili mpira uteleze na kugandamana. Hakimu hakungoja shauri hilo lipigiwe kura. Wembe alikuwa nao tayari. Lenzi alizipenda ndevu zile, alizilea kwa muda mrefu, lakini aliinua kidevu akanyolewa pale pale juu ya ubao, na shavu lake likakutana na upepo baada ya kuachana kitambo. Maski ikavaliwa upya. Mara hii ilikaa kimya.

Kikombe kikapita.

— Maji, alisema Lenzi, sauti yake ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

— Rudia.

Kikombe kikarudi, kikakaa karibu kugusa mpira.

— Maji hayo hayo.

Hakimu akaikimbilia spiriti ya kunyolea, akaifungua chini ya kile kichujio cha kulia. Kila mtu mwingine pale alikunja uso.

— Bado maji, alisema Lenzi.

Akafunguliwa macho, akakuta wote wanatabasamu, hata Redio. Rangi alikuwa amekunja mikono kifuani na kutazama mbali, kwa ule unyenyekevu wa mtu aliyeshinda. Hakimu alipiga ubao kiganja kimoja kuonyesha kwamba shauri limefungwa. Lenzi aliishusha maski ikaning'inia shingoni, akavaa mkoba wa kamera, akaangalia saa. Muda ulikuwa unamtosha. Mguuni mwake mlikuwa na wepesi ambao hakuwa nao asubuhi.

Alikuwa ameshaagana nao wote pale shangazi yake alipotokea kwenye kona, na kapu lake la sokoni mkononi. Ni dada wa mwisho wa marehemu baba yake, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mwepesi. Ndiye aliyekaa nyumbani kwa kaka yake toka usichana wake, akamlea Lenzi, na kijiwe chote kilimwogopa kidogo, kila mtu kwa sababu yake.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Uso umeuweka wapi?

— Ameuchukua Hakimu.

— Afadhali, ulikuwa unafanana na mdaiwa. Nimekuja nikwambie kabati, usije ukahangaika. Lake lilikuwa karibu na mlango wa bafu, bawaba ya chini imelegea. Alikuwa akililalamikia kila siku akirudi, kama mtu anayemsema mke wa pili.

Bi Birika akampisha, akamkaribisha kahawa. Shangazi akakaa, akaweka kapu miguuni, macho yakatua kwenye shingo ya mpwa wake.

— Na hilo dude?

Walimweleza wote kwa pamoja. Hakimu alieleza kipimo, Rangi akaeleza mkaa, Redio akaeleza jinsi ya kwake ilivyoshindwa kwa heshima. Kisha wakaona maneno hayatoshi, wakamwomba Lenzi avae tena na afumbe macho, na kikombe akapewa shangazi mwenyewe akishike. Alikipitisha chini ya vichujio, akakirudisha, akakipitisha tena.

— Maji, alisema Lenzi.

— Ni kahawa, mwanangu, tena ya moto. Shangazi alicheka. — Kweli hakipiti kitu. Hebu niione.

Lenzi akaivua, akampa. Aliigeuzageuza magotini kwake, akaipeleka puani, akaishusha. Bado alikuwa anatabasamu alipouliza.

— Na lile vumbi la kule, harufu yake ikoje?

— Vumbi ni vumbi, shangazi, alisema Redio.

— Ndiyo, baba. Linanukaje?

— Kama saruji, alisema Rangi.

— Umewahi kulinusa?

— Sijawahi kufika.

Shangazi alimgeukia Hakimu. Hakimu alivuta pumzi ya kutoa hukumu, akabaki nayo. Bi Birika aliinama kufuta mahali ambapo hapakumwagika kitu. Kijiwe kile kilikuwa kimejibu maswali juu ya mwezi, juu ya vita, juu ya ndoa za watu wenye heshima zao, lakini hilo likakaa katikati yao na hakuna aliyelisogelea.

— Wewe je? alimuuliza Lenzi. — Wewe ndiye mwenye safari.

Lenzi alijaribu kukumbuka. Alimwona baba yake anarudi nyumbani jioni, nyusi zimekuwa za kijivu kama za babu, na yeye mwenyewe anatoka mbio kumlaki. Alikuwa akinyanyuliwa juu, anauzika uso shingoni kwa baba yake na kuvuta pumzi yote aliyokuwa nayo. Palikuwa na jasho. Palikuwa na sabuni ya kufulia na tumbaku. Akishushwa chini, baba alikuwa akimfuta ule ukijivu mashavuni kwa kidole gumba, wote wawili wanacheka. Alitafuta harufu ya ukijivu ule, akatafuta tena, hakuipata.

— Halikuwa na harufu, alisema.

— Ndivyo ninavyojua na mimi, alisema shangazi. — Ndiyo maana nikawauliza, labda nyinyi mna habari nyingine.

Rangi alichukua maski yake kutoka magotini kwa shangazi, akapapasa ile alama ya mbele kwa ukucha wenye rangi nyekundu.

— Vile vitambaa vyeupe nilivyovitoa, alisema taratibu. — Dukani nilipoinunua, waliniambia hivyo ndivyo vya vumbi.

— Ulisema vinabana pumzi bure, alisema Redio.

— Nilisema.

— Basi mahakama inaweza kubadili uamuzi, alisema Hakimu, lakini sauti yake haikuwa ile. — Ile nyeupe ya Redio...

— Hiyo nayo inafaa kwa vumbi la namna ile? aliuliza Lenzi. — Unajua?

Hakimu akamtazama Redio. Redio akatazama barakoa yake.

— Najua inafaa kwa soli, alisema Redio.

Lenzi alihisi hasira, na nusu yake ilikuwa juu yake mwenyewe. Kidogo tu angekuwa ameshafika. Angekuwa ndani ya ukumbi ule sasa hivi, amenyolewa vizuri, anavuta pumzi ndefu bila wasiwasi kwa sababu hasikii harufu yoyote. Na bado aliitaka ile picha. Aliitaka vile vile kama asubuhi, na kesho ingekuwa chini ya kifusi, na hakuna wa kumlaumu.

Shangazi hakuwa akimtazama yeye wala maski. Alikuwa ametazama mikono yake mwenyewe, viganja juu.

— Mimi ndiye niliyekuwa nikizikung'uta ovaroli zake, alisema. — Uani, kabla sijaziloweka. Lilikuwa likipanda mpaka kamba ya nguo siioni. Chakula nilikuwa nafunika. Kuku nawafukuza. Nilikuwa nazipiga kweli kweli, ili maji yasichafuke upesi.

Akainua uso, akawatazama mmoja mmoja, kwa namna ya mtu aliyefika mahali pa wajuzi.

— Kwa hiyo na mimi nililivuta?

Rangi aliiweka maski chini ya ubao, asiione. Kahawa ilikuwepo, tena nyingi, na hakuna aliyenyoosha kikombe.

Lenzi aliingia studio, akarudisha kamera kabatini, akafunga mlango kwa ufunguo. Alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu.

— Unafunga? aliuliza Hakimu. — Na picha ya mzee?

— Shangazi, alisema Lenzi, — inuka twende hospitali tukapimwe kifua. Wote wawili.

— Hospitali kufanya nini? Mimi siumwi.

— Baba naye alikuwa akisema hivyo.

Shangazi akainama, akachukua kapu lake, akampa abebe.